Karoti Haioshwi Kabla ya Safari

Wapwa zangu, kwenye harusi ya juzi niliwaona. Mlikaa meza ya pembeni, kila mmoja anachokonoa njegere kwenye pilau lake na kuzisogeza ukingoni mwa sahani, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Halafu mmoja wenu, simtaji lakini anajijua, akawaambia rafiki zake, "Huyo ndiye mjomba. Muulizeni habari za ndege. Atawaambia alivyokaa mbele na matajiri akala kwa kisu cha chuma." Mkacheka. Mimi nikamaliza soda yangu, nikaondoka.

Leo nimekaa naandika. Ninyi mnaouza mboga siku hizi, wenye simu mbilimbili mkononi na duka la pembejeo kila kona, nawaandikia pamoja na hao wapwa. Someni au msisome, shauri yenu. Darasa la nne sikulimaliza, na mwalimu wangu aliwahi kusema mbele ya darasa zima kwamba nitakufa nachunga mbuzi za watu. Mwalimu huyo nilikuja kumpakia kwenye gari langu kutoka Mlali hadi Moro mjini, kafuta vumbi kwenye kiti kwanza ndipo akakaa, na wakati wa kushuka akanipa shikamoo kwa kuchanganyikiwa. Niliipokea. Kwa nini nisiipokee?

Mnasema najisifu. Kweli najisifu. Nani mwingine atanisifu? Kabla yangu, mboga za milimani kwetu zilikuwa zinaishia sokoni Moro, zikipata bahati zinafika Kariakoo zimelala kama wagonjwa. Mimi ndiye niliyezipandisha ndege. Mimi, mtoto wa mama aliyekuwa akibeba kabichi kichwani.

Lakini tuanze na kazi, maana mambo ya ndege bila kazi hamtayaelewa.

Njegere haichumwi na umande, wala haichumwi jua likishawaka. Kuna kamuda katikati hapo, umande umekauka na jani bado baridi, ndiyo saa yake. Unaikata na kikonyo chake, usiivute. Ukiivuta unamuumiza mama yake, kesho hazai. Halafu tenga la kufungashia. Vijana wa sasa mnajaza njegere kwenye viroba kama mnajaza mkaa, halafu mnashangaa zinachemka. Tenga linatandikwa majani ya mgomba. Katikati unasimamisha kipande cha mwanzi, unajaza njegere pembeni yake mpaka juu, ukimaliza unauchomoa ule mwanzi taratibu. Pale panabaki tundu la pumzi. Njegere zinapumua njia nzima kama abiria aliyepata dirisha.

Na karoti. Karoti haioshwi kabla ya safari. Hili nilifundishwa na Mzee Mloka, aliyekuwa mtunza bustani pale misioni tangu mapadri wa kwanza walipoleta mbegu. Mzee huyo hakuwa na maneno mengi. Siku moja alinikuta mtoni, kijana mdogo nataka kupendeza wateja, nasugua karoti zinang'aa kama vidole vya bibi harusi. Alisimama, akaniangalia mpaka nikaona aibu mwenyewe bila kujua nimekosa nini.

"Unamvua nguo mtu anayekwenda kwenye baridi?" akaniuliza.

"Nazitakatisha, babu."

"Mtakatishe maiti. Karoti ni mzima."

Zile karoti zilifika Moro zina utelezi, nikamwaga nusu. Tangu siku hiyo karoti yangu inasafiri na udongo wake. Unakata majani, unaacha kikonyo kifupi, unaiacha udongo ukauke juu yake, basi. Atakayekula ndiye atakayeosha. Ukiona karoti inang'aa kwenye gari, ujue mwenye gari ni mgeni kwenye kazi. Kwa kanuni hiyo nimejenga nyumba, nimenunua gari, nimewasomesha baadhi yenu mnaocheka harusini.

Gari lenyewe lilikuja wakati wa ruksa. Hamkuwepo, au mlikuwa mnanyonya. Kabla ya hapo kupata hata tairi ilikuwa mpaka ujuane na mtu wa kibali. Ghafla kila kitu kikafunguliwa: magari yaliyochoka ya Kijapani yakajaa bandarini, mitumba ikamwagika sokoni, hoteli Dar zikapakwa rangi, Wazungu wakarudi. Huku kwetu Moro viwanda vikaanza kufunga mageti kimoja baada ya kingine, wanaume waliokuwa na ovaroli wakaonekana barabarani wanasukuma mikokoteni ya maembe. Wengine walilia. Mimi nilinunua gari bovu, nikalitengeneza, nikapanda nalo mlima.

Dar nikampata Maganga. Huyu alikuwa mpishi kwenye jiko linalopikia ndege, kule uwanjani. Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wangu. Siku ya kwanza nilipopeleka sampuli akazigeuzageuza karoti, udongo ukamwagika kwenye meza yake ya bati.

"Mluguru, umekuja kuniuzia chakula au kiwanja?"

"Wewe osha, Mnyamwezi. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani hawakulalamika, udongo kidogo unakushinda?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akaosha moja, akaitafuna. Kisha akasema, "Lete nyingine." Kuanzia hapo mboga zangu ndizo zilizoliwa angani. Njegere, karoti, liki, koliflawa, stroberi za msimu. Kila wiki gari linashuka na mboga yenye udongo, jikoni kwa Maganga inaoshwa, inapikwa, inapanda ndege. Hakuna siku mtu aliniambia udongo ni kosa. Kumbukeni hapo.

Basi akaja mnunuzi. Mzungu mmoja, pande la mtu, uso mwekundu, alikuwa amewahi kukaa Morogoro ujanani na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini kinasikika. Alikula njegere zangu ndani ya ndege akauliza zimetoka wapi. Maganga akamleta mpaka mlimani. Alipanda kwa miguu, anahema, anasimama kila ngazi ya shamba. Juu kabisa, kwenye shamba la ukoo wetu, la upande wa mama, akamkuta mama yenu Sesilia amechutama kwenye maharage. Hayo mashamba yetu mnayajua, ngazi juu ya ngazi, ukijikwaa unaangukia shamba la jirani.

Yule Mzungu akasema anataka njegere za kuliwa na ganda lake, nyembamba, tamu, na anazitaka mbichi, zije kwake kwa ndege. Zikimpendeza za kwanza, atachukua mfululizo, msimu hadi msimu. Na akataka niende mwenyewe na huo mzigo wa kwanza, nionane na wenzake, nizungumze nao kama mkulima. Jiko la Maganga na shirika la ndege wakanitafutia nafasi. Kwa kuwa nilikuwa mtu wao, mboga yangu iko midomoni mwa abiria wao kila safari, wakanipa kiti kule mbele, bizinesi klasi. Sikuomba. Nilipewa, na nilistahili.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye jambo. Njegere zile zilihitaji shamba la juu, lenye baridi. Na shamba la juu lilikuwa na maharage ya mama yenu, ndiyo kwanza yameanza kutambaa. Nilimwambia, "Dada, ng'oa. Panda hizi."

Akaniangalia. Mama yenu mnamjua, hana haraka. "Kaka, haya ndiyo ya mwaka mzima. Watoto watakula nini?"

"Utanunua maharage gunia kwa gunia ukae unayachagua."

"Na kama Mzungu wako hakuzipenda?"

"Nimeshindwa lini mimi?"

Aling'oa. Aling'oa yote kwa mkono wake, na majirani walipoona Sesilia anang'oa na wao wakang'oa, maana yeye hakuwa mtu wa kufuata upepo. Maharage machanga yalirundikwa ukingoni mwa shamba, mbuzi wakayala. Hiyo ndiyo dhamana niliyopanda nayo ndege. Sikuwa na nyingine.

Safari ya Ulaya niliivalia suti. Niliinunua kwenye mitumba, Moro, nyeusi, nzito, ndani ina kitambaa cha hariri na jina la mshonaji wa huko huko Ulaya. Muuzaji aliniambia, "Hii inajua njia, itakuongoza." Nikabeba na kikapu. Hili naona ninyi wa siku hizi mtalishangaa. Nani anakwenda kwa mtu mara ya kwanza mikono mitupu? Mgeni anayeomba kazi, anayekwenda kukaa kwenye kiti cha watu, atabeba nini? Sesilia ndiye aliyekipanga kile kikapu. Stroberi juu ndani ya majani, chini karoti, nene, fupi, nyekundu mpaka moyoni, zimeng'olewa asubuhi ile ile, na udongo wake. Alizichagua moja moja.

Pale uwanja wa ndege alinipokea wakala wa mizigo, Bwana Kilenga. Huyu ndiye aliyekuwa anashughulikia makaratasi ya makasha yangu ya njegere, yaliyokuwa yanapakiwa chini, tumboni mwa ndege ile ile. Kijana wa mjini, tai, viatu vyenye ncha, Kiingereza kinamtoka puani. Akanipeleka kwenye ule ukumbi wa wakubwa wa kungojea ndege. Mlangoni dada mmoja aliangalia kikapu, akaangalia suti, akaangalia tiketi, akashindwa aanze na kipi kukataa. Nikaingia.

Ndani humo, wapwa zangu, kuna baridi kama ya kwetu juu. Zulia linameza mguu. Watu wamekaa mbalimbali kama waliogombana, kila mmoja na gazeti lake. Vinywaji vimepangwa, hakuna muuzaji. Mikate midogo imekatwa maganda, inakaa tu, hakuna wa kuilinda. Nilikaa kwanza nikiangalia wanafanyaje, kisha nikanyanyuka nikachukua kama mtu aliyezaliwa humo. Sikushangaa. Wanaosema nilishangaa hawakuwepo.

Bwana Kilenga akafunua kitambaa cha kikapu changu. Akaona karoti. Akachukua moja, akaikung'uta kidogo kwa kidole, udongo ukadondoka kwenye zulia.

"Mkubwa, unahama na shamba zima?"

"Karoti haioshwi kabla ya safari," nikamwambia.

Akacheka, akairudisha, akafunika vizuri kabisa, kama mtu anayefunika mtoto. "Haya bwana. Mwenye kazi yake ni wewe." Akanipa mkono, akaondoka. Mtu huyo kazi yake ya kila siku ni kupeleka mizigo ya mboga kwenye nchi za watu. Sheria zao anazijua kama mnavyozijua namba zenu za simu. Alikiona kikapu. Akakifunika.

Ndani ya ndege nilipewa kiti kinachonyoosha miguu mpaka unajisikia mgonjwa. Mhudumu akaja, binti wa Kitanzania, nadhifu, akataka kukipandisha kikapu kule juu kwenye makabati. Nikakataa.

"Juu kuna joto, dada. Stroberi zitakufa. Weka hapa chini ya miguu, hapa panapita baridi."

"Kaka, umezoea kusafiri na mboga?"

"Mboga ndizo zinazosafiri na mimi."

Akainama, akanusa kikapu, akatabasamu. "Huu udongo naujua. Nimesoma Kilakala mimi, pale Moro. Mvua ikinyesha milimani, bweni lote lilikuwa linanuka hivi." Basi tukawa ndugu. Aliponiletea kile kitaulo cha moto cha kujifutia, nikamwomba na cha baridi, nikafunika stroberi. Jirani yangu wa kiti, mzee mmoja wa Kizungu, aligeukia dirishani akakaa hivyo mpaka chakula.

Chakula sasa. Kwanza wanatandika kitambaa cheupe, mbele ya kila mtu meza yake. Visu na uma wa chuma, vizito. Chumvi katika kachupa, pilipili manga katika kachupa. Wanaleta kidogo, wanaondoa, wanaleta kingine, kama wanakuonja. Mimi nilijua wanapoelekea, nilikuwa nangojea sahani kubwa. Ikaja. Nyama imelala pembeni, na hapo kando, wapwa zangu, karoti. Zimechongwa kama vipipa vidogo, zimepakwa siagi, na zile njegere zangu zimelala na maganda yake. Nilikata karoti katikati nikaangalia moyo wake. Nyekundu mpaka ndani. Yetu. Labda ya shamba la mama yenu, labda ya jirani, lakini ya kwetu, ya ule mlima.

Nikamwita yule binti. "Hizi karoti nimelima mimi."

"Acha utani, kaka."

"Muulize Maganga jikoni Dar. Na njegere hizi. Na zingine ziko chini ya miguu yetu sasa hivi, zimelala kwenye makasha, zinakwenda na sisi."

Alikwenda nyuma ya pazia, nikasikia wanacheka kwa furaha. Akarudi na wenzake wawili kuniangalia. Rubani alituma salamu. Nilikula taratibu sana. Niliwaza yule mwalimu wangu. Niliwaza mama kichwani kabichi, miguu peku. Siwezi kuwadanganya, saa ile nilikuwa mkubwa kuliko watu wote ndani ya ndege ile, na hakuna mtu atakayeniondolea saa ile. Niliweka zile kachupa mbili, chumvi na pilipili, mfukoni mwa suti, zawadi ya Sesilia.

Tulipotua, yule binti akaniambia, "Kaka, na hicho kikapu, usipite kimya. Nenda kwa watu wa ukaguzi uwaonyeshe." Alisema kwa nia njema, yeye kazi yake ni ya angani, ya chini hayajui. Na mimi mtu mkweli. Kulikuwa na njia mbili, ya wenye kitu na ya wasio na kitu. Wenzangu wengi tuliotoka nao Dar walipita ile ya wasio na kitu, na wengine nilikuwa nimesikia harufu ya dagaa kwenye mabegi yao tangu mlangoni. Wakapita. Mimi nikaenda kwa wakaguzi na kikapu changu mbele, kama mtu anayepeleka mahari.

Yule mnunuzi alikuwa ameruhusiwa kuja mpaka pale kunipokea. Mkaguzi akavaa glavu. Akachukua karoti kwa ncha za vidole viwili, kama amemshika panya kwa mkia. Udongo ukadondoka kwenye meza yao nyeupe. Wakaitana. Wakaja wengine. Wakaangalia ule udongo, wapwa zangu, chembe zile, kama vile umetoka kaburini. Wakaongea na mnunuzi, naye akanigeukia, uso umekuwa mwekundu zaidi.

"Kwa nini hukuosha?"

"Karoti haioshwi kabla ya safari."

"Hapa udongo hapana ingia. Udongo ni magonjwa. Sheria."

"Si wataosha? Mnakula karoti na udongo huku?"

Mkaguzi akauliza kitu. Mnunuzi akakitafsiri kwa sauti ya chini. "Anauliza, iko nyingine? Iko mzigo?"

Ningesema nini? Mtu ameulizwa mali yake aikane? Nilisema kwa sauti, na nikasema kwa fahari, "Makasha yote ya njegere kule chini ni yangu. Shamba moja, udongo mmoja."

Yule Mzungu alifumba macho.

Kikapu kilitiwa ndani ya mfuko wa nailoni, stroberi na karoti na kitambaa cha mama yenu, kikapelekwa kuchomwa. Njegere wakazuia. Njegere zilikuwa safi, haina udongo njegere, inaning'inia hewani, mtoto mdogo anajua. Wakasema mpaka zikaguliwe zote, kasha kwa kasha. Zikawekwa kwenye ghala lenye joto la mashine zao, na mwenye kukagua akawa yuko mapumzikoni. Nilipelekwa kuziona walipoziachia. Hakuna mtu aliyekuwa amechomeka mwanzi kwenye makasha yale ya karatasi. Zilikuwa zimechemka zenyewe kwa zenyewe, zimekuwa manjano, zinanuka kama pombe. Mnunuzi alinipiga bega. Alisema pole. Alisema wenzake wameshaamua, maana mtu akishatiwa alama na wakaguzi, kila mzigo wake utazuiwa.

Na ile suti ya mtumba? Iliingia bila swali. Ilivaliwa na nani, nani alifia ndani yake, ilikaa kwenye marobota na panya wangapi, hakuna aliyeuliza. Nguo yao iliruhusiwa kurudi kwao. Karoti ya dada yangu ikachomwa.

Nilirudi kwenye kiti kile kile cha mbele. Chakula kilikuja, kitambaa cheupe, kila kitu. Nikawaambia nimeshiba.

Bwana Kilenga nilimtafuta Dar. Nikamkuta ofisini, feni juu.

"Uliona kikapu," nikamwambia.

"Niliona."

"Kwa nini hukusema?"

"Mkubwa, nilidhani unajua. Mtu wa bizinesi klasi nimfundishe mimi?"

Msimu haujaisha nikasikia yule Mzungu anapata njegere kutoka kwa wakulima wa sehemu nyingine, wenye mashine ya kuosha na chumba cha baridi, na anayezisafirisha ni Kilenga. Sisemi aliniuza. Nasema kikapu alikiona, akakifunika. Maneno mengine ongezeeni wenyewe.

Mmeniuliza siku nyingi kwa nini sipendi watu wenye elimu ya kukaa kimya. Hiyo ndiyo sababu. Mjinga akikosea anakosea kwa sauti, unamsikia, unamrekebisha. Hawa wengine wanakuangalia unavyokwenda shimoni, na wanakushikia kofia.

Siku niliyorudi, nilishuka kwenye basi pale Mlali. Nilitaka nipumzike kwanza, nipange maneno, nipande mlimani jioni. Sikupata nafasi hiyo. Sesilia alikuwa pale pale barabarani, amekaa kivulini mwa duka, na tenga pembeni. Alikuwa ameshuka na njegere za mzigo wa pili. Tenga limetandikwa majani, tundu la pumzi liko katikati kama nilivyomfundisha, njegere kijani kibichi, bado baridi ukizigusa. Majirani walikuwa njiani nyuma yake.

"Kaka umefika! Shikamoo. Gari liko wapi? Zisipate jua hizi."

"Marahaba. Gari halipo, dada."

Aliniangalia usoni, kisha mikononi. "Kikapu kiko wapi?"

Nikamweleza pale pale tumesimama. Mkaguzi, glavu, udongo, moto, ghala. Akapanguza jasho kwa ncha ya khanga. Nikatoa zile kachupa mbili mfukoni nikampa. Akazigeuza mkononi, akatikisa moja akasikiliza chumvi.

"Na huko angani walikupa nini cha kula?"

"Karoti zetu."

"Karoti zetu hizi hizi?"

"Hizi hizi. Nilizikata nikaona moyo."

"Zilikuwa na udongo?"

"Wapi! Zilikuwa safi kama meno ya mtoto."

Akatikisa kichwa taratibu, akaangalia ile barabara ya kwenda mjini.

"Kumbe maji wanayo," akasema.

Nikamwambia tuzipeleke sokoni Moro angalau. Akasema Moro ganda hawali, watazigeuza chakula cha mbuzi, na mbuzi wameshakula maharage yake. Akapinda kata ya nguo, akaiweka kichwani. "Nitwishe."

Nikamtwisha. Miaka yote ya kazi yangu nimeona njegere zikishuka ule mlima, sijawahi kuona zikipanda. Siku hiyo nilisimama na suti yangu pale Mlali nikaona tenga la njegere linapanda, taratibu, linapotelea kwenye kona, linatokea juu zaidi. Majirani waliokuwa wanashuka walisimama, wakasemezana naye kidogo, wakageuka wote.

Mwaka ule hakukuwa na maharage nyumbani kwenu. Mlikula njegere. Asubuhi njegere, jioni njegere, zilizokauka zikasagwa, zilizosagwa zikapikwa uji. Mmoja wenu alikuwa akilia akisikia tu sufuria inafunuliwa. Mama yenu hakuwaambia ni kwa nini, hajawaambia mpaka leo, na mkimuuliza atasema mwaka huo mvua ilikuwa mbaya.

Mvua ilikuwa nzuri kabisa.

Osheni karoti zenu, basi, kama ndivyo wanavyotaka. Mimi sikuosha na sitaosha. Ila siku nyingine mkiwa harusini mnazisogeza njegere ukingoni mwa sahani, na mama yenu amekaa meza ya mbele anawaangalia, msicheke.